Jinsi ya Kusimulia Maisha ya Lugard kwa Miguu, Kampala

Kila likizo Kampala hupokea wageni wengi wa Kiswahili: wanafunzi na walimu wao kutoka Kisumu na Eldoret, familia za Mwanza na Bukoba, Wakongo wa Goma na Bukavu. Karibu wote hupelekwa Old Kampala kupanda mnara wa msikiti. Pale juu mwongozaji kijana husema kwamba Kapteni Lugard alijenga ngome hapa, akawa mkoloni, basi, twende soko la Owino tukanunue nguo. Jambo hilo linaniuma. Mimi ni Mnubi wa Bombo, natembeza wageni kwa Kiswahili, na kama mtu huyo asingekanyaga nchi hii huenda ukoo wangu usingekuwa Uganda. Kwa hiyo nawaandikia waongozaji wenzangu, na pia walimu wanaoleta watoto bila mwongozaji, nieleze namna ninavyosimulia maisha yake tangu chini ya kilima hadi mwisho wa siku.

Liwekeni kichwani jambo moja kabla ya mengine yote. Frederick Lugard aliishi miaka 87, kuanzia 1858 hadi 1945, na kati ya hiyo alikaa Buganda miezi 18 tu. Miezi hiyo isimulie kwa urefu. Mingine yote ipitie kwa haraka, hata kama unaijua vizuri. Na miezi 18 hiyo haieleweki kwa tarehe peke yake. Inaeleweka mgeni anapoona kwa macho yake jinsi vilima vilivyo karibu.

Maandalizi

Chukua karatasi ya manila, ile wanayotumia walimu wa shule za msingi, uchore vilima vinne kwa kalamu nene: Kampala, Mengo, Namirembe na Rubaga. Usiandike barabara wala majengo ya leo. Pembeni mwa Kampala andika "Lugard", pembeni mwa Mengo "Kabaka Mwanga" (Kabaka ndiye mfalme wa Buganda), Namirembe "Waprotestanti", Rubaga "Wakatoliki". Ikunje uende nayo juu ya mnara. Nimeona simu zikishindwa kazi hii: kila mtu anaangalia kioo chake, na hakuna anayeangalia nje.

Tarehe nne zikae ulimini: 18 Desemba 1890 alipofika, 26 Desemba 1890 mkataba wa kwanza, 24 Januari 1892 vita vya Mengo, na Juni 1892 alipoondoka. Ukizishika hizo hutapotea.

Nendeni asubuhi, saa mbili au saa tatu, kabla jua halijawa kali na kabla vumbi na moshi wa mjini havijaziba macho. Ijumaa iepuke, maana watu wa ibada ni wengi na wageni wanasubirishwa. Waambie wanawake mapema kwamba watajistiri kwa nguo. Langoni huazimwa mtandio na kitambaa cha kujifunga, lakini anayekuja na kanga yake hutulia zaidi. Viatu vinavuliwa kabla ya kuingia ndani. Kwa wazee uliza magoti yao kwa heshima, mbali na wenzao, kwa sababu ngazi za mnara zinazidi 300, na mzee wa Kiafrika hatakuambia mbele za watu kwamba hawezi. Asiyepanda muache kivulini na mtu wa kumsimulia.

Chini ya mnara: dakika kumi tu

Anza kwa kueleza mnaposimama. Ngome ya Lugard ilikuwa juu ya kilima hiki hiki. Msikiti Mkuu wa Uganda ulianza kujengwa enzi ya Idi Amin, ujenzi ukakwama miaka mingi, ukamaliziwa kwa fedha za Libya na kufunguliwa mwaka 2007. Ngome ya zamani iliondolewa kuupisha. Sema wazi, kwa sababu kuna wageni wanaotafuta kuta za mawe na bendera, wakizikosa wanadhani umewadanganya.

Kisha mlete mtu mwenyewe. Alizaliwa Madras, India, tarehe 22 Januari 1858, baba yake akiwa kasisi wa kanisa la Kiingereza huko. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto. Alisoma Rossall, akapitia chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akaingia jeshini mwaka 1878. Akapigana Afghanistan, Sudan na Burma, na Burma akapata nishani ya DSO. Hapo kijana wa miaka 29 angekuwa na njia nyeupe mbele yake, lakini alivunjwa moyo na mwanamke aliyempenda, akaugua, akaliacha jeshi lake kwa likizo na kupanda meli ya kuja Afrika kama abiria wa sitahani, bila kazi ya kueleweka.

Hapa waambie Waswahili jambo linalowahusu. Vita vyake vya kwanza katika upande huu wa Afrika vilikuwa Karonga, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mwaka 1888, dhidi ya Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa aliyekuwa amejijengea boma huko. Lugard alipigwa risasi, akaumia vibaya mikono, na boma hakuliteka. Chuki yake dhidi ya biashara ya watumwa ilikuwa ya kweli. Iseme hivyo hivyo, bila kuipunguza. Baadaye siku hiyo itabidi useme pia kwamba chuki hiyo ndiyo iliyompa ruhusa moyoni mwake ya kufanya mengine.

Baada ya hapo kampuni ya Imperial British East Africa, yenye makao Mombasa, ikamwajiri. Agosti 1890 akatoka pwani na msafara wa wapagazi wa Kiswahili pamoja na askari Wasudani na Wasomali. Njiani akajenga ngome Dagoretti, ambayo leo iko ndani ya Nairobi. Wageni wa Kenya hufurahi kusikia hivyo. Pandeni sasa.

Juu ya mnara: hapa usikimbie

Waache wapumue. Waache wapige picha zao zote, maana asiyepiga picha kwanza hatasikiliza. Halafu fungua karatasi yako ya manila, uwape watu wawili waishike, na umwombe mtoto au mzee mmoja aoneshe kwa kidole kila kilima kilipo. Namirembe, kwenye kuba la kanisa kuu, pako kama kilomita moja. Minara miwili ya Rubaga na ikulu ya Mengo haiko mbali zaidi ya kilomita tatu. Nyamaza kidogo waone. Mwalimu mmoja wa historia kutoka Kisumu alisema hapo, "Kumbe walikuwa wakisikiana wakikohoa." Amefundisha somo hili miaka na miaka, na siku zote alidhani Mengo na Kampala ni miji miwili.

Sasa simulia kuwasili. Mwaka 1890 Mwanga alikuwa amerudi kitini baada ya miaka ya misukosuko: mashahidi Wakristo waliouawa 1885 na 1886, kupinduliwa 1888, Waislamu kushika nchi, kisha Wakristo kuwashinda. Waliomrudisha walikuwa makundi mawili yasiyoaminiana: wafuasi wa mapadri wa Kifaransa, walioitwa Wafransa, na wafuasi wa wamisionari wa Kiingereza, walioitwa Waingereza, ingawa wote walikuwa Waganda wa nchi moja na hata wa ukoo mmoja. Katikati ya hali hiyo anafika Lugard. Alivuka Nile bila kungoja ruhusa ya Kabaka. Alipooneshwa mahali pa chini pa kupiga kambi alikataa, akachagua mwenyewe kilima hiki kilichoinuka mbele ya ikulu. Waulize wageni: mgeni anayekuja kwako, akaacha kiti ulichompa, akaketi mahali anapoona mlango wako, amekuja kukusalimia? Jibu watalitoa wenyewe.

Ongeza kitu kidogo ambacho wote hukikumbuka. Siku ya kwenda kwa Kabaka, nguo zake zilikuwa zimechakaa kwa safari. Alivaa koti la nguo za kulalia lililoshonewa vifungo vya shaba, ili lifanane na koti la afisa. Mwenyewe aliliandika. Watoto hucheka, na acha wacheke, lakini mara moja waoneshe upande wa pili: huyo mwenye koti la kulalia alikuwa na bunduki ya rashasha aina ya Maxim, iliyochoka kwa safari za nyuma, na hapa hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Mkataba ulitiwa saini tarehe 26 Desemba, siku nane tu baada ya kufika. Siku mbili kabla ulikuwa umeshindikana kwa fujo na vitisho barazani. Mwanga alikubali kwa shida, kwa miaka miwili, akiweka nchi chini ya ulinzi wa kampuni. Usiseme kwamba "aliiuza nchi". Alikuwa Kabaka aliyezungukwa na watu wenye bunduki kila upande, akatafuta nafasi ya kupumua.

Januari 24, 1892

Geuzeni macho kuelekea Mengo na Rubaga. Sehemu hii isimulie kwa sauti ya kawaida, bila kuigiza milio. Mwanzo wake ulikuwa ugomvi juu ya bunduki: Mprotestanti aliuawa na Mkatoliki, kesi ikaenda kwa Kabaka, Kabaka akamwachia muuaji. Lugard akadai aadhibiwe, Mwanga akakataa. Lugard akawagawia Waprotestanti bunduki kutoka ghala la ngome. Jumapili hiyo mapigano yakalipuka bondeni, na Maxim ikapiga kutoka hapa mnaposimama. Kanisa la Rubaga likateketea. Mapadri wakaletwa ngomeni. Mwanga akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe, upande wa ziwa, na siku chache baadaye kisiwa nacho kikashambuliwa. Watu wengi wakafa maji mitumbwi ikizama.

Usiishie hapo, eleza na matokeo yanayoonekana mpaka leo. Mwanga aliporudi mwishoni mwa Machi, nchi iligawanywa kwa dini. Wakatoliki walipelekwa Buddu, na ndiyo maana Masaka ya leo imejaa Ukatoliki kiasi kile. Waislamu walipewa sehemu ndogo, na Butambala imebaki na sura yao. Siku moja nilikuwa na mzee wa Masaka aliyeongozana na wakwe zake wa Bukoba. Alisimulia kwa Kiganda jinsi babu wa babu yake alivyofunga mzigo akaiacha migomba yake karibu na Rubaga, migomba iliyokuwa na matunda, akaenda kuanza upya Buddu. Nikawatafsiria wakwe. Mzee akaomba arudie kutazama Rubaga, nikamwacha atazame kadiri alivyotaka. Ukipata mtu kama huyo kwenye kundi lako, mpe nafasi yako. Karatasi na tarehe zitangoja.

Askari wa Selim Bey

Hii ndiyo sehemu ambayo wengi huiruka, na ndiyo ninayowasihi mno msiiruke. Kabla ya vita vya Mengo, mwaka 1891, Lugard alikwenda magharibi: Ankole, kisha Katwe kwenye chumvi, kisha Toro alikomsimika Kasagama kuwa Omukama, yaani mfalme. Akaendelea hadi Kavalli, karibu na Ziwa Albert. Huko walikuwepo askari wa Misri walioachwa nyuma gavana wao Emin Pasha alipoondoka na msafiri Stanley mwaka 1889. Kiongozi wao, Selim Bey, alikuwa amebaki mwaminifu kwa Khedive, mtawala wa Misri, akilinda bendera ambayo hakuna aliyeikumbuka tena Cairo. Walikuwa askari kama 600, na pamoja na wake, watoto na watumishi walizidi watu 8,000. Lugard aliwachukua.

Wengi wao aliwaacha katika ngome za Toro ili kumzuia Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Wengine wakaja naye Kampala. Wakawa shina la jeshi la kikoloni la Uganda, na sisi Wanubi wengi ni uzao wao. Haboba (bibi) wangu, aliyekuwa akisuka vikapu barazani Bombo, alitaja Kavalli na Toro kama mtu anayetaja vijiji vya jirani. Jina la Lugard nililisikia shuleni kwa mara ya kwanza. Kwake yeye safari ile ilikuwa ya Selim Bey.

Hapa simulieni kwa haki. Ngome zile za Toro hazikuwa na posho ya kutosha, na askari waliishi kwa kunyang'anya wenyeji. Watoro waliumia, na mimi Mnubi nalisema hilo mbele ya wageni bila kuzunguka, kwa sababu nikilificha, nitawezaje kudai wasikie na yaliyotupata sisi? Selim Bey mwenyewe, mwaka 1893, alishukiwa kuwaunga mkono Waislamu wa Buganda, akakamatwa akiwa mgonjwa, akafia njiani akipelekwa pwani. Mwaka 1897 askari hao waliochoka kupelekwa safari moja baada ya nyingine kwa mshahara mdogo waliasi, na damu nyingi ikamwagika Busoga. Tukakaa karne nzima tukiitwa wageni, hadi Katiba ya 1995 ilipotuorodhesha Wanubi miongoni mwa jamii za Uganda.

Mkiulizwa: alikuwa mtu mzuri au mbaya?

Mtaulizwa kila siku. Mimi hujibu kwa kuonesha nani aliandika nini na kwa sababu gani. Kitabu cha Lugard kuhusu kazi yake hapa kilitoka London mwaka 1893, katika miezi ambayo kampuni ilikuwa imefilisika, serikali ikisitasita kuishika Uganda, naye akizunguka Uingereza akihutubia ili isiachwe. Ni kitabu cha mtu anayejitetea na kutetea mradi. Mapadri wa Rubaga waliandika mashtaka yao. Apolo Kaggwa, Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, aliandika historia ya makabaka kwa Kiganda, naye alikuwa kiongozi upande wa Waprotestanti. Kapteni Macdonald, Mwingereza mwenzake, alitumwa kuchunguza vita vya Mengo. Ripoti yake ilimlaumu Lugard, na serikali haikuichapisha. Mgeni akijua hayo manne atajipimia.

Maoni yangu siyafichi nikiulizwa. Alikuwa jasiri, aliipenda kazi kuliko raha, na hakujitajirisha. Pia alijiamulia kwamba watu wa bondeni hawawezi kuamua, akaegemea upande mmoja kwa bunduki, na mgawanyiko alioukoleza ulizaa siasa za dini zilizotusumbua hata baada ya uhuru. Februari 2025 Mahakama Kuu iliamuru majina ya wakoloni yaondolewe katika mitaa ya Kampala. Mimi naunga mkono. Jina likitoka kwenye kibao, kazi yetu ya kusimulia inaongezeka.

Makosa ya kuyakwepa: Lugard hakuwahi kuwa gavana wa Uganda. Hakutangaza himaya, Gerald Portal ndiye aliyepandisha bendera ya Uingereza tarehe 1 Aprili 1893, na himaya ikatangazwa Juni 1894. Mkataba wa Buganda wa 1900 ni wa Harry Johnston. Nimesikia waongozaji wakimrundikia yote hayo.

Yaliyobaki, mkitembea kwenda Mengo

Shukeni, mvuke barabara ya Natete kwa uangalifu maana boda boda hazina huruma, mwende hadi Bulange, bunge la Buganda. Mbele yake, kivulini, malizia maisha yake. Aliunda jeshi la mpakani Afrika Magharibi mwaka 1897. Kuanzia 1900 alikuwa Kamishna Mkuu wa Nigeria ya Kaskazini, ambako majeshi yake yaliteka Kano na Sokoto mwaka 1903. Mwaka 1902 alimwoa Flora Shaw, mwandishi wa gazeti la The Times aliyependekeza jina la Nigeria, hawakupata mtoto. Alikuwa gavana wa Hong Kong 1907 hadi 1912 na alianzisha chuo kikuu cha huko. Akarudi Nigeria, na tarehe 1 Januari 1914 akaunganisha kaskazini na kusini kuwa nchi moja. Mwaka 1922 akachapisha The Dual Mandate, kitabu kilichofanya utawala kupitia machifu na wafalme wa wenyeji kuwa kama sheria kwa maafisa wa kikoloni. Miaka ya 1922 hadi 1936 alikaa katika tume ya Shirikisho la Mataifa iliyosimamia nchi za udhamini, Tanganyika ikiwemo, na wageni wa Tanzania waambieni hilo. Akapewa cheo cha Lord mwaka 1928, akafa Abinger, kusini mwa London, tarehe 11 Aprili 1945.

Bulange nimeichagua makusudi. Kabaka na baraza lake wapo mpaka leo, na wageni wakiliangalia jengo huuliza wenyewe kama mtu yule alijifunza hapa kwamba mfalme aliyebaki kitini ni rahisi kumtawalia nchi kuliko mfalme aliyeondolewa. Waache wabishane. Mwanga mwenyewe baadaye alipopigana na Waingereza alikamatwa pamoja na Kabalega mwaka 1899, akafia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903. Kaburi lake liko Kasubi, na kama kundi lina nguvu bado, chukueni taksi mwende.

Kwa kundi lenye siku ya pili, nendeni Bombo, barabara ya Gulu, kilomita thelathini na kitu kutoka mjini. Usipeleke watu bila kuwaarifu wazee siku kadhaa mbele. Piga simu, taja idadi ya wageni na watokako. Ukifika salimia wazee kwanza, wanawake wazee usiwasahau kwa sababu wao ndio wenye majina ya safari, na omba ruhusa kabla mtu hajawasha simu kurekodi. Vikapu vikioneshwa, bei isikatwe mbele ya msukaji. Chakula wataleta wenyewe, kwa hiyo msile njiani.